Pointi za Durban au dola taslimu? Jibu kwa mama wa Lubumbashi anayetaka kupeleka watoto melini

"Baba, jambo. Mimi ni mfanyabiashara hapa Lubumbashi, naleta nguo na vyombo kutoka Johannesburg. Miaka kadhaa iliyopita mimi na bwana wangu tulikuwa Durban, tukaalikwa kwenye mkutano hotelini, na kabla ya kutoka tukawa tumetia sahihi kununua pointi za likizo za klabu moja yenye nyumba za kulala wageni. Kila mwaka tunapata pointi 10,000, na kila mwaka tunalipa ada, sasa imefika kama dola 1,000. Mwaka jana tuliweka akiba pointi 4,000. Hizo zitakufa mwisho wa mwezi wa tatu. Sasa tunataka kupeleka watoto wetu wawili kwenye meli ya kitalii, usiku 4, kutoka Durban kwenda Msumbiji na kurudi, likizo ya Noeli. Klabu inasema safari ni dola 2,600. Tukitoa pointi zote 14,000 wanatupunguzia dola 900, kisha tunalipa kodi za bandari dola 240 na dola 70 za kuandikisha nafasi. Ajensi moja ya Johannesburg imenipa bei ya dola 2,180 kwa sisi wanne, kodi zikiwa ndani. Bwana wangu anasema pointi ni zetu tayari, kwa hiyo bora tutumie hizo. Muuzaji wa klabu naye amenipigia simu: tukinunua pointi 6,000 za kuongeza, tutapanda meli bila kutoa makuta. Nifanye nini?"

Mama, jambo sana, na asante kwa kuandika hesabu zote. Wengi huuliza "pointi au taslimu?" bila kutaja bei hata moja, na hapo ni vigumu kuwasaidia. Nikisoma barua yako naona hofu mbili zinavutana. Unaogopa pointi zife wakati umezilipia, na unaogopa kulipia safari moja mara mbili, kwanza kwa ada na tena kwa dola. Hofu zote mbili zina msingi. Jibu langu ni hili: meli ilipie kwa dola, na pointi zitumie kulala Durban kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Yule muuzaji mkatalie. Sasa nieleze kwa nini.

Bwana wako anasema kweli kwamba pointi ni zenu tayari. Lakini kitu kuwa chako hakumaanishi kwamba kukitoa hakukugharimu. Makuta mliyotoa siku ile hotelini yamekwenda, mkitumia pointi au msipozitumia. Hata ada ya mwaka huu, kama mmekwisha kuilipa, ni vilevile. Kwa hiyo kujiuliza "tulizinunua kwa ngapi?" hakutakusaidia kuamua safari hii. Jiulize hivi: pointi hizi 14,000 nisipozipeleka melini, zingenifanyia kazi gani nyingine? Kazi hiyo ndiyo bei yake. Kama kuna mahali ambapo zingekuokolea dola 600, basi kuzitoa kwa meli kunakugharimu dola 600, hata kama hakuna noti inayotoka mkobani.

Na kwa nini pointi hupoteza nguvu zikifika melini? Ni kwa sababu klabu ina vyumba, haina meli. Klabu kama yenu zimetoka kwenye umiliki wa zamu (timeshare), ulioanza Ulaya miaka ya 1960. Hapimag ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1963, ni mmoja wa wazee wake. Watu wengi waligawana nyumba za likizo, kila mmoja na wiki zake. Mwaka 1974 Jon na Christel DeHaan walianzisha RCI huko Indianapolis, Marekani, ili mwenye wiki yake mahali fulani aweze kubadilishana na mwenye wiki mahali pengine. Ilikuwa ni kitanda kwa kitanda. Pointi zilikuja baadaye kama kipimo cha kurahisisha mabadilishano hayo, maana wiki ya Noeli kando ya bahari si sawa na wiki ya baridi.

Ukitumia pointi kulala kwenye nyumba ya klabu, hakuna dola mpya inayotoka. Nyumba ipo, na usafi, ulinzi na matengenezo yamelipwa na ada zenu ninyi wanachama. Kampuni ya meli, kwa upande wake, inataka dola. Ili kuilipa, klabu inachukua haki yako ya chumba, inatafuta mtu wa kuikodisha au mwanachama mwingine wa kumpa, kisha inalipa nafasi yako melini, mara nyingi kupitia ajensi ya safari. Njiani kuna wafanyakazi wa kulipwa, kamisheni ya ajensi, hatari ya chumba kukosa mpangaji, na faida. Ni kama mzazi anayefika shuleni na mifuko ya unga wa mahindi kulipa minervali ya mtoto. Unga ni mali ya kweli, ila shule haipokei unga. Lazima kwanza auze kwa mchuuzi, na mchuuzi ndiye anayetaja bei.

Sasa tuje kwenye namba zako. Chukua bei nzuri kabisa ya taslimu uliyoipata. Ondoa makuta ambayo klabu bado inakuomba. Kinachobaki, kigawanye kwa idadi ya pointi. Klabu inaanza na 2,600, inapunguza 900, unabaki na 1,700. Ongeza kodi 240 na gharama ya nafasi 70, inakuwa dola 2,010. Ajensi inataka 2,180. Tofauti ni dola 170. Zile dola 900 walizokutajia zinapunguzwa kutoka kwenye bei ambayo wewe hulazimiki kuilipa, maana umekwisha kupata bei ya chini yake. Dola 170 kwa pointi 14,000 ni kama senti moja na robo kwa kila pointi. Na wewe kuitunza pointi hiyo kunakugharimu senti 10 kila mwaka, yaani ada ya dola 1,000 kwa pointi 10,000.

Usishangae kwamba ajensi iko chini sana. Kampuni za meli mara nyingi huacha watoto wanaolala chumba kimoja na wazazi wawili wasafiri bila nauli ya chumba, wakilipiwa kodi za bandari na vitu vidogo tu. Kuna pia punguzo za msimu na za kuwahi kulipa. Ofa hizi mara nyingi haziunganiki na pointi, kwa hiyo klabu inahesabu kwa bei ya kitabuni. Lakini kuna jambo moja ambalo hukuniambia, nalo linaweza kubadilisha hesabu: je, ni chumba cha aina ileile? Melini kuna chumba cha ndani kisicho na dirisha, chumba chenye dirisha, na chumba chenye baraza linalotazama bahari, na bei zake ziko mbalimbali. Waombe wote wawili wakuandikie tarehe ya kuondoka, jina la meli, aina ya chumba, na kama bahashishi ya wahudumu imo au haimo. Kama klabu inakupa baraza na ajensi inakupa chumba cha ndani, rudia hesabu upya kwa bei ya ajensi ya chumba chenye baraza.

Tufike Durban. Kutoka uwanja wetu wa ndege wa Luano unaruka hadi Johannesburg, kisha Durban. Usipange kamwe kufika siku ileile ya kuondoka. Ndege ikichelewa, meli haikungojei, na bei ya chumba hairudi. Ni lazima mlale Durban angalau usiku mmoja kabla, na ninawajua watoto: wakishuka melini watataka tena ufukwe. Tuseme mtalala usiku 5 kwa jumla, kabla na baada, kwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na bahari. Kwa mfano, kama nyumba ya namna hiyo inakodishwa dola 120 kwa usiku, ni dola 600. Na kama jedwali la klabu yako linaomba pointi 8,000 kwa usiku hizo, kila pointi inakufanyia kazi ya senti 7 na nusu. Hiyo ni karibu mara sita ya ile ya melini.

Linganisha njia nzima, si meli peke yake. Ukipeleka pointi zote melini, unalipa 2,010, na kulala Durban unalipa 600 taslimu: jumla dola 2,610, pointi zimekwisha. Ukilipa meli kwa dola na kulala kwa pointi, unatoa 2,180 na bado una pointi 6,000. Hapo umeokoa dola 430. Badilisha bei zangu za mfano kwa zile za jedwali lako, maana kipindi cha Noeli klabu hupandisha idadi ya pointi, na nyumba za kando ya bahari huandikishwa mapema sana. Piga simu wiki hii. Ukikosa Durban yenyewe, uliza Umhlanga upande wa kaskazini, au pwani ya kusini mwa mji. Uliza pia kama nyumba hutolewa kwa usiku mmoja mmoja au kwa wiki nzima tu, kwa sababu kama ni wiki nzima, huenda ukalazimika kupanga kulala kwote upande mmoja wa safari.

Lakini, mama, sitaki kukuficha jambo. Hata hiyo senti 7 na nusu iko chini ya senti 10 unazolipa za kutunza. Maana yake, hata mkitumia pointi mahali pake pazuri, mwaka unaweza kwisha mkiwa mmelipa ada kubwa kuliko mlichopata. Hilo ni swali la uanachama wenyewe, na lina ukubwa kupita safari hii. Usilichanganye na uamuzi wa meli, la sivyo hasira itakufanyia hesabu. Baada ya likizo, keti na bwana wako, mtoe risiti zote za ada tangu mwanzo, mwone imepanda vipi, na mwandike mbele yake mlilala wapi kila mwaka na mngelipa ngapi kama wageni wa kawaida. Mkiona mnapenda na mnatumia, endeleeni kwa moyo mweupe. Mkiona miaka miwili kati ya mitatu hamkwenda, kwa sababu biashara ilibana au viza ilichelewa, basi mna la kuzungumza.

Kuhusu pointi 6,000 za kuongeza, nasema hapana bila kusita. Kwa kiwango unacholipa sasa, zitakuongezea ada kama ya dola 600 kila mwaka, si mwaka huu wa meli peke yake. Na maneno "bila kutoa makuta" si ya kweli: kodi za bandari, bahashishi, vinywaji, bima, tiketi za ndege na viza havilipwi kwa pointi. Kama mnataka meli tena mwaka kesho kutwa, hizo dola 600 ziingize kwenye likelemba, mchango wa kupokezana, na wamama wenzako wa soko. Ukifika zamu yako una makuta mkononi, unachagua meli, tarehe na ajensi bila kuomba ruhusa ya klabu. Na kama muuzaji atakubana hata useme ndiyo kwenye simu, jua kwamba sheria ya Afrika Kusini ya kulinda walaji, ya mwaka 2008, kifungu cha 16, inampa mnunuzi aliyefuatwa na muuzaji kwa njia kama simu siku 5 za kazi za kuvunja mapatano kwa maandishi, bila kutoa sababu wala kutozwa faini. Siku 5 ni chache. Andika siku ileile, na uhifadhi ushahidi wa kutuma.

Kukopa pointi za mwaka ujao nako nakuonya. Klabu nyingi huruhusu, na watu huona kama zawadi. Ukishazila, mwaka ujao utalipa ada yote bila kuwa na mahali pa kulala.

Je, kuna wakati ningekuambia toa pointi kwa meli? Upo. Kama umepiga simu, hakuna nyumba iliyobaki popote mnapoweza kufika, na zile 4,000 hakika zitakufa mwezi wa tatu, basi kazi yake nyingine ni sifuri, na hata punguzo dogo ni faida. Uliza kama wanapokea 4,000 peke yake kwa punguzo la kiasi. Vilevile kama huna namna ya kupata dola zote 2,180 kwa wakati, na nafuu ya dola 170 ndiyo inayofanya safari iwezekane, naelewa. Lakini kabla ya kukubali, soma masharti ya kuahirisha, kwa sababu hapo sisi watu wa Lubumbashi tuko tofauti na mwanachama anayekaa Pretoria.

Tofauti yetu ni viza. Meli inatoka Durban, inaingia Msumbiji, sehemu kama Pomene, kisha inarudi. Machoni pa uhamiaji mmetoka Afrika Kusini na mnaingia tena. Kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi; ombeni ya kuingia mara nyingi, na mlieleze hilo waziwazi kwenye ombi lenu, mkiambatanisha ratiba ya meli. Wewe mfanyabiashara huenda unayo tayari, lakini watoto je? Kwa watoto beba vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi wote wawili, na kama bwana wako hatasafiri, barua ya idhini yake iliyothibitishwa. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano inadaiwa kwa kila anayetoka Kongo, na chanjo iwe imefanywa siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri. Upande wa Msumbiji, mwulize ajensi kwa maandishi kile ambacho kampuni ya meli inadai kwa pasipoti ya Kongo, kwa maana ni wao watakaokuzuia bandarini kama karatasi haipo.

Viza ikikataliwa au ikichelewa, nani anabaki na hasara? Pointi zilizotolewa kwa meli mara nyingi hazirudi, au hurudi zikiwa na tarehe ileile ya kufa. Ukilipa taslimu kupitia ajensi, kwa kawaida unatoa arbuni kwanza, na salio linadaiwa miezi miwili au mitatu kabla ya kuondoka. Kadiri unavyoahirisha mapema ndivyo unavyopoteza kidogo. Bima nyingi za safari hazilipi kwa sababu ya viza iliyokataliwa, kwa hiyo usiitegemee. Pelekeni maombi ya viza ya Afrika Kusini mapema, mkiwa na arbuni tu mezani, si malipo yote. Jambo lingine ni msimu: meli hutoka Durban wakati wa joto la kusini, kuanzia kama mwezi wa kumi na moja, nao ndio wakati wa tufani katika mlango-bahari wa Msumbiji. Nahodha ana haki ya kuruka kituo bahari ikichafuka. Waambie watoto mapema ili wasilie.

Katika kulipa, omba bei kwa randi, kisha ulinganishe kwa kiwango ambacho benki yako itakukata siku ya malipo, pamoja na gharama ya kutuma. Kiwango cha kambisti wa barabarani ni kingine kabisa na kitakudanganya. Dola 170 unazofikiri umeokoa zinaweza kuliwa zote na gharama za uhamisho mara mbili.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza. Kama mtaamua kutoka kwenye klabu, kama mna ada ya nyuma ambayo haijalipwa, au kama mkataba hausemi unaisha lini na unataja warithi, tafuta mwanasheria wa Afrika Kusini, mtu anayejua sheria yao ya umiliki wa zamu ya mwaka 1983 na ile ya walaji. Unapokwenda Johannesburg kununua bidhaa, beba mkataba wote, si kurasa za mwisho tu, ukae naye ana kwa ana. Malalamiko pia hupokelewa na tume yao ya walaji, ambayo ilikwisha kufanya uchunguzi wa wazi kuhusu biashara hii. Hapa Lubumbashi wakili mzuri anaweza kukusomea Kiingereza cha mkataba na kukueleza ulichosaini, na hiyo ni hatua ya kwanza isiyo na gharama kubwa. Ila mtu yeyote akikupigia kusema amepata mnunuzi wa pointi zako, utume kwanza makuta ya "karatasi" au "kodi", usitume hata dola moja. Waliotapeliwa namna hiyo ni wengi, na wengi wao walikuwa wamechoka na ada kama wewe.

Ukipiga simu klabu, anza na zile 4,000. Sema, na uandike kwa barua pepe, kwamba nyumba ya Durban ikatwe kwanza kwenye pointi za zamani, kisha zilizobaki zitoke kwenye za mwaka huu. Wasipoambiwa, mashine inaweza kukata mpya na kuziacha za zamani zife. Kwa zile 6,000 zitakazobaki, uliza tarehe ya mwisho ya kuziweka akiba na gharama yake, kwa sababu klabu nyingi hazizihamishi zenyewe. Ni mwanachama anayepaswa kuomba kabla mwaka wake wa pointi haujafungwa.